Jina la Kuazima



Kila mwaka wavulana wa shule za sekondari za serikali, hapa Dodoma na po pote nchini, hushindana kwa mpira katika michezo iitwayo UMISSETA, wilaya kwanza, kisha mkoa, na mwisho taifa zima. Ni jambo jema, maana mpira humfundisha kijana kutii, kuvumilia na kumpa mwenzake nafasi. Lakini katikati ya ngano humea magugu. Pengine kijana aliyekwisha kumaliza masomo, au asiyesoma hapo kamwe, huvikwa fulana ya shule na kuitwa kwa jina la mwanafunzi. Watu humwita mamluki. Je, hilo ni kosa, au ni ujanja wa mchezo tu?

Wako wasemao, “Hapana aliyeumia. Shule yetu ni maskini, kiwanja chetu ni vumbi na miiba, na wenzetu hufanya vivyo hivyo.” Tusilidharau neno hili, maana kufungwa kwauma.

Lakini tutazame ni nani aibiwaye. Twadhani ni wapinzani. Kumbe wa kwanza ni mtoto wetu wenyewe. Shule nyingi za kata zilizoanzishwa tangu mwaka 2004 zilijengwa kwa jasho la wazazi, waliosomba mawe na mchanga ili mtoto wa kijijini apate nafasi. Mgeni akicheza, mtoto yule aliyefanya mazoezi tangu mvua zilipokwisha huketi kando ya kiwanja, akisikia mwingine akishangiliwa kwa jina lake.

Wa pili ni mgeni mwenyewe. Yakobo alijiita kwa jina la nduguye mbele ya baba yake asiyeona. Baraka aliipata, lakini nyumbani kwao hakukukalika tena kwa miaka mingi.

Wa tatu ni taifa. Mwaka 2005 timu yetu ya vijana wa chini ya miaka 17 ilikuwa imekwisha kupata nafasi ya kwenda Gambia kushindania kombe la Afrika, ikaondolewa kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri. Wote wakaikosa safari kwa ajili ya mmoja. Mwaka 2017 mambo yakageuka: Congo-Brazzaville, waliokuwa wametutoa, waliondolewa kwa shauri la umri wa mchezaji wao, nasi tukaenda Gabon. Siku ile tuliisifu sheria. Je, tutaipenda inapotulinda tu?

Mwalimu akifundisha asubuhi kwamba uongo ni mbaya, na jioni akatia sahihi karatasi ya uongo, wanafunzi watashika lipi? Hapana shaka watashika la jioni.

Basi, ninyi walimu, nanyi wazee mlio katika bodi za shule, mkiletewa karatasi ile, msiitie sahihi. Na vijana wakirudi wamefungwa mabao matano, wapokeeni kwa uji na nyimbo. Kombe hawakulileta, lakini kila mmoja amerudi na jina lake.