Je, Yafaa Kung'arisha Kiberiti cha Kale?

Katika nchi za Ulaya na Marekani wako watu wapendao sana kukusanya viberiti vya kale vya chuma, vile vitiwavyo petroli na kuwashwa kwa gurudumu, ambavyo wengine huviita laita. Hasa huvitafuta vile vilivyoonekana mikononi mwa wachezaji wa picha za sinema za zamani. Wakikipata kilichoharibika hukifungua, hukisafisha na kukitia viungo vipya hata kiwake tena; kisha hukiweka kabatini mahali pa heshima. Mtu wa Sanje, akaaye kati ya mashamba ya miwa na milima ya Udzungwa, aweza kusema kwamba huo ni mchezo wa wenye fedha, nao haumhusu. Lakini ndani ya mchezo huo mna swali limpasalo kila mtu aliyerithi kitu, kiwe kikubwa au kidogo: Twatunza kitu cha kale kwa ajili ya nini, na katika kukitengeneza ni nini tusichokuwa na haki ya kukifuta?

Kwanza na tukijue chombo chenyewe. Wazee wetu walipekecha moto kwa ulindi na ulimbombo, tena kwa jasho. Baadaye vikaja viberiti vya njiti, ambavyo masika huvilowanisha na upepo huvizima. Mwaka 1903 mtaalamu mmoja wa Austria, Carl Auer von Welsbach, alipata hati ya uvumbuzi wa madini yaliyochanganywa na chuma, ambayo yakikwaruzwa hutoa cheche kali. Ndicho kile kijiwe kidogo kikaacho chini ya gurudumu la laita hata leo. Mtu huyo huyo ndiye aliyebuni kile kifuko cheupe kitoacho mwanga katika taa ya karabai. Basi babu zetu waliokesha arusini penye karabai, na askari waliowasha moto gizani kwa kidole gumba, wote walitumia matunda ya akili ya mtu mmoja, wala hawakulijua jina lake.

Mwaka 1926 kiwanda cha Louis Aronson, katika mji wa Newark huko Marekani, kilitoa kiberiti cha Ronson kiwashwacho kwa kubonyezwa mara moja, na kuzimika kiachwapo. Mwaka 1932 George Blaisdell, mtu wa Bradford katika jimbo la Pennsylvania, alianzisha kampuni ya Zippo. Kiberiti chake kilianza kuuzwa mwaka 1933 kwa dola 1 na senti 95, pamoja na ahadi kwamba kikiharibika kitatengenezwa bure. Ahadi hiyo yashikwa hata sasa. Na tulitie moyoni jambo hili, maana siku hizi twanunua viberiti vya plastiki vyenye gesi, tukavitupa njiani vinapokwisha. Chombo kilichoundwa ili kitengenezwe humfundisha mwenye nacho tabia ya kutunza; na chombo kilichoundwa ili kitupwe humfundisha kutupa. Kwa hiyo mtu aketiye mezani saa nzima akihangaika na springi ndogo ya kiberiti cha miaka 80 tusimcheke upesi. Mkono wake wafanya kazi njema.

Lakini iko hoja nzito ya kumpinga, nayo haifai kufichwa. Kiberiti hiki kilifanywa kwa ajili ya nini? Kilifanywa hasa kwa ajili ya tumbaku. Tumtazame Humphrey Bogart, mchezaji mashuhuri wa sinema za Marekani. Katika picha iitwayo The Maltese Falcon, ya mwaka 1941, juu ya meza yake kimewekwa kiberiti cha mezani cha Ronson, na wakusanyaji hukitafuta cha namna hiyo mpaka leo kwa sababu yake. Katika picha zake nyingi sigara haitoki mkononi. Bogart alikufa tarehe 14 Januari 1957 kwa saratani ya umio, naye alikuwa na umri wa miaka 57. Mwaka 1950 wachunguzi wa Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walikuwa wamekwisha kutangaza uchunguzi wao kwamba uvutaji wa sigara waambatana na saratani ya mapafu. Leo Shirika la Afya Duniani lahesabu kwamba tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka. Nasi watu wa Tanzania hatuwezi kulisema jambo hili kama wageni, maana tumbaku ya Tabora imelisha na kusomesha watoto wengi wa nchi hii.

Je, basi, kiberiti cha kale kitupwe mtoni? Sivyo tuonavyo. Chuma hakina hatia. Kiberiti kile kile kilichowasha sigara kiliwasha na koroboi ya mtoto aliyejisomea usiku, kikawasha na kuni za uji wa mgonjwa. Wakaao kando ya mashamba ya miwa wanajua zaidi ya wengine kwamba moto ni mtumwa wa yule auwashaye: huo upikao chakula chetu ndio uteketezao majani ya miwa kabla ya kukatwa, hata majivu yakaangukia nguo tulizoanika. Kosa haliko katika chombo, bali katika habari nusu. Sinema huonyesha mwali, haionyeshi kikohozi. Huonyesha uso mzuri uking'aa gizani, kisha picha hukatwa, na miaka ya hospitali haionekani. Akusanyaye viberiti kwa kupenda mwali ule tu ameinunua hiyo habari nusu, na amwonyeshapo mwanawe humwachia nusu hiyo hiyo kuwa urithi.

Katika bonde letu tuna sababu yetu wenyewe ya kuelewa jinsi picha iwezavyo kuchukua kitu na kuacha ukweli wake. Mwaka 1951 Bogart huyo huyo alicheza pamoja na Katharine Hepburn katika sinema iitwayo The African Queen, iliyotengenezwa na John Huston kutokana na kitabu cha C. S. Forester cha mwaka 1935. Hadithi yake ni ya mwaka 1914, katika nchi hii ilipokuwa chini ya Wajerumani, na mto uchukuao mashua katika hadithi hiyo waitwa Ulanga. Msomaji wa Ifakara alijua jina hilo tangu utotoni, kwa kuwa ndilo jina la pili la mto wetu wa Kilombero. Walakini maji yaonekanayo katika picha ile si maji yetu. Picha za nje zilipigwa Uganda na Kongo, na nyingine zikapigwa Uingereza ndani ya nyumba ya sinema. Tena mto wa hadithi waingia ziwani, lakini Ulanga wetu waingia katika Rufiji na kwenda zake baharini. Watu wengi wa mbali wamelipenda jina la mto wetu, wala hawajapata kuuona mtumbwi hata mmoja wa Mndamba, wala mafuriko ya masika, wala kambale mmoja. Hawakufanya dhambi, walipenda picha. Lakini kupenda picha ya kitu si kukijua kitu.

Haya na tuyalete karibu. Tuseme yuko kijana wa Sanje ambaye babu yake alikuwa askari wa K.A.R., akapigana Burma mwaka 1944. Babu amekufa, na katika sanduku lake mmeonekana kiberiti cha shaba nyeupe kwa nje, kilicholika mahali pa kidole gumba mpaka shaba ya manjano ikajitokeza. Ubavuni mmekwaruzwa kwa msumari herufi mbili na mwaka. Gurudumu halizunguki. Anatokea mnunuzi kutoka mjini asemaye hivi: Kitengeneze, uking'arishe kiwe kama kipya, hizo herufi uzifute, nami nitakipa bei kubwa, maana chafanana na kile cha sinema. Na mdogo wake kijana adaiwa ada ya chuo. Afanyeje?

Wengine watasema: Akifanye kama atakavyo mnunuzi. Kitu ni chake kwa urithi; herufi mbili hazimlishi mtu; na walio hai wana haja kuliko waliokufa. Maneno haya yana nguvu, wala si haki kumhukumu kijana mwenye kudaiwa kana kwamba tumaini lake ni anasa. Kukiuza kiberiti kwa ajili ya ada si aibu. Huenda babu mwenyewe angekiuza.

Lakini na tutenge mambo mawili yanayochanganywa. Uko uchakavu, na iko alama. Uchakavu ni ule ukizuiao chombo kufanya kazi yake. Kile kijiwe kikikaa miaka mingi huharibika na kuvimba, kikaziba mrija wake. Hicho hakina budi kutolewa taratibu na kutiwa kingine, kwa kuwa tangu mwanzo kilikusudiwa kwisha. Vivyo hivyo utambi na pamba inyonyayo petroli. Kutu yafaa iondolewe, maana kutu haina habari ya kutuambia, yala tu. Shaba yaweza kuoshwa kwa ndimu na majivu kama mama zetu waoshavyo vyombo. Katika hayo yote fundi humtumikia yule aliyekiunda chombo na yule aliyekitumia. Alama ni kitu kingine. Mkwaruzo wa msumari ni maneno ya mtu, na mahali palipolika ni kidole chake. Msasa ukipita hapo haukitengenezi chombo, bali humnyamazisha mwenyewe asiyeweza tena kujisemea.

Hata watu wa sinema walilijua hili. Katika picha ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1951, Strangers on a Train, kiberiti kimoja chabeba karibu hadithi nzima. Kimechorwa vifimbo viwili vya tenisi na maneno machache, kuonyesha kwamba ni zawadi ya mwanamke kwa mpenzi wake. Mwuaji akichukua ili akiweke mahali pa mauaji, mwenye kiberiti ashtakiwe. Na mwishoni chaonekana katika kiganja cha mwuaji mwenyewe, nacho chamtoa mwenzake katika hatari. Kama herufi zile zingalifutwa, kiberiti kisingaliweza kumshtaki mtu wala kumwokoa mtu. Basi ni ajabu kwamba mtu akipende kiberiti kwa sababu ya sinema, kisha akifute kile kile kilichokipa nguvu katika sinema.

Tena liko kosa lililo kubwa kuliko kufuta, nalo ni kubuni. Baada ya vita vya Vietnam vilivyokwisha mwaka 1975, viberiti vya askari wa Marekani vyenye maneno ya kuchorwa vilitafutwa sana na wageni, na kwa hiyo vikafanyizwa vingi vya uongo, vikachorwa majina na maneno ya askari wasiokuwako. Mnunuzi huenda na furaha yake, lakini tangu siku ile hata maneno ya askari wa kweli huulizwa kama ni ya kweli. Hivyo mwenye kubuni alama moja ya uongo hamwibii mnunuzi peke yake, huwaibia na wafu waliosema kweli.

Kwa hiyo shauri letu kwa kijana yule ni hili. Akipeleke kiberiti kwa fundi saa mwenye mkono mwepesi, kiondolewe kutu, kitiwe kijiwe, pamba na utambi, kiwake. Herufi na mahali palipolika paachwe. Kisha aketi na wazee wa ukoo, aandike katika karatasi yale wanayoyajua: babu alikuwa kikosi gani, alirudi mwaka gani, herufi zile ni za nani. Huenda si zake. Huenda ni za rafiki aliyebaki Burma. Aandike na hili pia, ijapokuwa lauma: kwamba kwa kiberiti hiki babu alijifunza kuvuta vitani, kama ndivyo ilivyokuwa, na kwamba alikohoa uzeeni. Wahenga walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Ikiwa hana budi kukiuza, basi akiuze pamoja na nakala ya karatasi ile, kwa mtu atakayekubali kupokea vyote viwili. Huenda bei itapungua. Tofauti ya bei hiyo ndiyo kipimo cha heshima yake kwa babu, na si kila kijana awezaye kuilipa yote. Lakini hata asiyeweza aweza kuandika kabla ya kuuza, maana kalamu ni rahisi kuliko shaba.

Ndugu wasomaji, si kila nyumba ina kiberiti cha chuma. Lakini karibu kila nyumba ina kitu fulani sandukuni, kama saa isiyokwenda, nishani ya vita, taa iliyopasuka, au jembe lenye mpini uliolika kwa mikono ya nyanya. Kabla ya kukipeleka kwa fundi, mwulizeni mzee aliyekijua kikifanya kazi, naye angali hai. Na kabla hajamaliza kusema, mwe mmekwisha kuandika.