Nasaba ya Samaki na Ushahidi wa Rangi

 

Watu wa Madina walipotia shaka nasaba ya Usama kwa babake Zaid, sababu ilikuwa rangi tu: mwana alikuwa mweusi sana na baba mweupe. Siku moja wawili hao walikuwa wamelala, nguo imewafunika vichwa na nyayo zi wazi. Akapita Mujazziz wa kabila la Mudlij, mjuzi wa alama za nasaba. Akazitazama nyayo zile, akasema kuwa zatokana hizi na hizi. Mtume akafurahi hata furaha ikaonekana usoni mwake. Kwa khabari hii Imamu Shafii alilikubali neno la mjuzi wa nasaba, ingawa wako wanavyuoni wasiolikubali.

Mfano wa jambo hili umo baharini. Yuko samaki aitwaye silikanti, na ndugu wa Visiwa vya Ngazija humwita gombessa. Wataalamu walidhani kuwa amekwisha duniani tangu zama za mbali, hata Disemba 1938 alipovuliwa mmoja Afrika Kusini, karibu na East London. Mwaka 1952 akapatikana wa pili Ngazija. Wavuvi wa huko hawakustaajabu, maana jina lake walikuwa nalo zamani, na nyama yake, yenye mafuta mengi, hawakuitamani.

Kisha, mwaka 1997, akaonekana silikanti katika soko la Manado, kisiwa cha Sulawesi, nchi ya Indonesia. Wa Ngazija ni buluu mwenye mabaka meupe. Huyu alikuwa wa rangi ya kahawia. Je, ni samaki mmoja au ni wawili? Rangi haikutosha kuhukumu, kwani hata yule wa Ngazija akifa buluu yake hupotea. Na pono ni onyo kubwa: dume na jike lake hutofautiana rangi hata wataalamu wa zamani wakawapa majina mawili, kumbe ni samaki mmoja. Basi wakalitazama umbo: mapezi manene kama viungo, magamba magumu, mkia wenye kishungi katikati. Yote yakakaribia kuwa sawa.

Hapo wakageukia vinasaba, yaani maandishi madogo mno yaliyo ndani ya mwili wa kila kiumbe, ambayo mzazi humrithisha mwana. Kipande kidogo cha nyama chatosha kuyasoma. Walipoyalinganisha maandishi yale yanayorithiwa kwa mama tu, wakakuta tofauti ya kama 4 katika kila 100. Ndugu wa karibu hawaachani hivyo. Mwaka 1999 samaki wa Manado akapewa jina lake, Latimeria menadoensis, na wa Ngazija akabaki na lake, Latimeria chalumnae.

Khabari hii yawahusu khasa wavuvi wa mrima. Tangu 2003 silikanti wameingia katika jarife za papa pwani ya Tanzania, na wengi wao ni wa Tanga. Kwa umbo na rangi ni wale wale wa Ngazija, na mtu angeweza kusema: hawa wamechukuliwa na mkondo, wakiisha watakuja wengine. Walakin uchunguzi wa vinasaba uliotolewa 2011 ulionyesha kuwa wale wa kaskazini ya Tanzania ni jamaa waliojitenga tangu zamani sana, ingawa ni wa aina ile ile. Basi wakimalizwa, hapana yakini ya kuja wengine mahali pao.

Aliyemvua bila kukusudia hana lawama. Lakini atupaye jarife makusudi katika kina kile kile, hali amekwisha kujua wakaao humo, huyo hana tena udhuru wa kutojua. Na uchunguzi wa magamba uliotolewa 2021 wasema kuwa silikanti huishi kama miaka 100, na jike huchukua mimba kwa miaka kama 5 kabla ya kuzaa.