"Ni" na "Yapasa"

Mfasiri huyahofu maneno madogo kuliko makubwa. David Hume, mwanafalsafa wa Uskochi, alikitoa kitabu chake A Treatise of Human Nature kati ya 1739 na 1740, na ndani yake akalalamika kwamba waandishi wa maadili huanza kwa kueleza jambo hili "ni", lile "si". Mara msomaji hujikuta yumo katika "yapasa" na "haipasi", wala haonyeshwi alivukia wapi.

Sam Harris, Mmarekani, alidai katika The Moral Landscape (2010) kwamba kivuko kipo: maadili ni ustawi wa viumbe wenye fahamu, na ustawi hupimika kisayansi. Si hoja ya kubezwa. Lakini ni mizani gani iliyopima kwamba ustawi wa mwenzangu unanidai mimi? Hilo Harris ameingia nalo maabara, hakulikuta humo.

Tuutazame mkasa wa Tuskegee, Alabama. Tangu 1932 Idara ya Afya ya Umma ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi 399 wenye kaswende, na 201 wasiokuwa nayo, ili ione maradhi yakiachwa bila tiba hufika wapi. Wagonjwa waliambiwa wana "damu mbaya". Kufikia 1947 penisilini ilikwishakuwa dawa inayokubalika, wao hawakupewa. Mambo yakaendelea hivyo hadi magazeti yalipoyafichua mwaka 1972. Madaktari wale hawakupungukiwa na elimu: walijua kaswende huufanya nini moyo na ubongo, na dawa yake waliijua.

Basi na aje asemaye kuwa maadili ni ladha tu, huyu kahawa chungu, yule ya tangawizi. Amwambie mjane wa Tuskegee kwamba madaktari nao walikuwa na ladha yao. Nadhani ulimi utamkwama.

Sisi husema "fulani si mtu", na daktari akimpima atamkuta ni mtu kamili, viungo vyote anavyo. Katika neno hilo moja "ni" na "yapasa" zimelala kitanda kimoja. Lugha haithibitishi kitu kwa hilo, nakiri. Watu hurithi hata makosa katika maneno yao. Ila yatuonyesha kuwa Hume alitenganisha vitu ambavyo wanenaji wa kawaida hawajapata kuviona mbalimbali.

Wala utu peke yake hautibu. Kwa karne nyingi matabibu, na wenye huruma wakiwamo, waliwapa wagonjwa wa kaswende zebaki, nayo ni sumu.