Adili ya Kupanga

Watu wote husifu mpango. Mama humsifu mtoto apangaye vyombo, mwalimu humsifu mwanafunzi apangaye daftari, na msomaji humsifu mwandishi apangaye maneno. Sijapata kusikia mtu aliyelaumiwa kwa kuweka vitu mahali pake. Kwa sababu hiyo swali nitakalo kuliuliza laweza kuonekana geni: je, kupanga kwaweza kuwa kosa? Sitaliuliza kwa maneno matupu, bali kwa jambo dogo nililolitenda kwa mkono wangu mwenyewe, juu ya mashine iliyokwisha kupitwa na wakati.

Mashine hiyo ni kompyuta ya nyumbani iitwayo Amiga 500. Kampuni ya Commodore iliitoa mwaka 1987, miaka miwili baada ya Amiga ya kwanza kuonyeshwa New York, nayo ikapata wapenzi wengi katika Uingereza na Ujerumani. Kampuni ilifilisika mwaka 1994, lakini mashine zake hazikufa pamoja nayo. Hata leo ziko nyumba ambamo huwashwa, kwa ajili ya michezo, au muziki, au kumbukumbu tu. Nilipokuwa masomoni Ujerumani, rafiki yangu mmoja alikuwa nayo. Aliirithi kwa marehemu baba yake, pamoja na sanduku la diski. Na katika diski moja mzee alikuwa ameandika barua zake kwa muda wa miaka mingi.

Yafaa msomaji ajue diski hiyo ilivyo, maana asipojua hilo hataiona hatia yangu. Ni kisahani chembamba cha plastiki chenye utando wa sumaku, kikaacho ndani ya ganda gumu na kuzunguka mara 300 kwa dakika. Kila upande una njia 80 za duara, na kila njia ina vipande 11. Jumla ni vipande 1,760, na kila kipande huchukua baiti 512; ndiyo kusema diski nzima ni kilobaiti 880. Katikati, katika kipande cha 880, ndipo ulipo mzizi, na hapo huanzia orodha ya vyote vilivyomo. Kuuweka mzizi katikati ni busara, kwa kuwa kichwa cha kusomea hakiwi na safari ndefu mno kwenda upande wowote.

Lakini busara ya mwanzo haizuii fujo ya baadaye. Mtu aandikapo barua moja, na kuifuta ya pili, na kuirefusha ya tatu, nafasi huachwa wazi hapa na pale, na maandishi mapya huingia katika nafasi hizo vipande vipande. Barua moja yaweza kuwa na mwanzo wake pembezoni, kati yake karibu na mzizi, na mwisho wake upande wa pili. Halipotei neno hata moja, kwa maana kila kipande chamjua ndugu yake amfuatiaye. Ila kichwa cha kusomea hukimbia huku na huku kuwakusanya ndugu hao, na mwenye kungoja husikia mkwaruzo kama wa panya darini.

Dawa ya maradhi hayo ilikuwa programu ya kupanga diski. Huisoma orodha, hukadiria kila faili ikae wapi, kisha huhamisha vipande mpaka kila faili iwe mfululizo mmoja. Katika kuhamisha huko huandika juu ya nafasi zilizo wazi. Tena, kwa kuwa Amiga 500 ilitoka kiwandani na kumbukumbu ya kilobaiti 512 tu, haikuweza kuibeba diski nzima kwa mara moja. Kazi ilikwenda hatua kwa hatua, na umeme ukikatika katikati ya hatua, vitu vyaweza kuharibika. Ndiyo sababu wenye hekima walishauri: nakili diski kwanza, kisha ipange.

Rafiki yangu aliniomba nimfanyie kazi hiyo. Sikunakili. Diski nyingine iliyo tupu haikuwapo karibu, nami nilidhani ushauri ule ulihofia umeme peke yake. Nikafikiri kwamba umeme wa mji ule haukatiki ovyo, nikaona hatari haipo. Nikabonyeza. Katika kioo tuliviona vipande vikihama kimoja kimoja, kama watu wanaotafuta safu zao. Kazi ilipokwisha, barua zilifunguka upesi na mkwaruzo ukanyamaza. Tulifurahi.

Baada ya juma moja akaja dada yake. Alisema kwamba baba yao, siku zake za mwisho, alimwambia kuwa zamani, wakati walipokuwa wamegombana, alimwandikia barua, akaifuta bila kuipeleka. Naye alikuwa amesikia ya kuwa kilichofutwa chaweza kurudishwa. Alikuwa amesikia kweli. Katika mashine hii kufuta si kuangamiza: jina la faili huondolewa katika orodha, na vipande vyake huhesabiwa kuwa nafasi wazi, lakini maandishi yenyewe hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Tena, katika utaratibu wa kwanza wa kuhifadhi, ambao ndio mzee alioutumia, kila kipande cha maandishi kilitoa baiti 24 katika 512 ili kijitambulishe: ni cha faili gani, ni cha ngapi, na kinafuatwa na kipi. Ilikuwa kama barua iliyochanwa, ambayo kila kipande chake kimetiwa namba. Mwenye subira angeweza kuiunga.

Tulitafuta usiku kucha. Palipokuwa wazi palikuwa pamejazwa barua nyingine, nilizozihamisha kwa uzuri. Tulipata kipande kimoja kisicho na wenziwe, nacho kilikuwa cha mwisho: maneno ya kuagana, na jina la mzee. Huenda kilikuwa cha barua ile. Huenda cha nyingine.

Je, nilikosa? Mtu mmoja atanitetea hivi: aliyefuta ni mzee, si wewe; na programu ilikihifadhi kila kilichokuwamo katika orodha. Hoja hii ina nguvu, na kwa siku nyingi nilijikinga nayo. Lakini imesimama juu ya neno moja, nalo ni orodha. Orodha husema kipi kina jina. Haisemi kipi kina thamani. Mahali palipoitwa wazi palikuwa na maneno ya mtu. Mwenye kupanga hudhani kwamba hahukumu, ahamisha tu. Kumbe amekwisha kuhukumu kwamba kisicho na jina si kitu.

Wa pili atasema: hata hivyo mzee alitaka barua ipotee, na kuifufua kungekuwa kuyavunja matakwa yake. Hoja hii ni nzito zaidi. Mtu ana haki ya kuyafuta maneno aliyoyaandika kwa hasira, wala si wema kuyafukua aliyoyazika mwenyewe. Lakini mzee huyo huyo alimwambia binti yake kwamba barua iliandikwa, na atakaye jambo lisahauliwe kabisa halitaji. Basi alitaka nini? Swali hilo lilikuwa la binti, alipime mbele ya dhamiri yake, kisha aitafute au aiache. Kama angeiacha, kuacha kwake kungekuwa heshima kwa baba yake. Sasa kuikosa kwake si heshima wala si utovu wa heshima. Ni kukosa tu. Nilichomnyang'anya si barua peke yake, bali na uchaguzi. Naona ya kuwa hiyo ndiyo hatia yenyewe: jambo lililopasa kuamuliwa kwa hiari ya mwenye haki, mimi niliamua kwa ajali, tena nikiwa nimeridhika na usafi wa kazi yangu.

Sisemi kwamba mpango ni uovu. Walio hai wana haki ya kusoma bila kungoja, na diski iliyojaa fujo humchosha mwenye kuisoma. Nasema kwamba haki ya kupanga hufuatana na wajibu wa kukihifadhi kwanza kile kilichokutwa kama kilivyokutwa. Nakala yenyewe yapasa kuwa ya vipande vyote 1,760, vilivyojaa na vilivyo wazi. Kunakili faili moja moja ni kupanga kule kule kwa jina jingine, maana hubeba vyenye majina na kuviacha visivyo na majina. Panga katika nakala upendavyo. Asili iache na fujo yake.

Sheria hiyo ni ndogo, lakini naiona ikitufuata sisi wasomi mpaka mezani petu. Tunaposahihisha hati ya kale, tukaunyoosha mstari na kuliondoa neno alilolikata mtunzi mwenyewe, twasema tumeirahisisha kwa wasomaji, na kweli tumeirahisisha. Lakini neno lililokatwa huonyesha mawazo yake yalipita wapi kabla ya kutulia, na mjukuu wa mtunzi, au mwanafunzi atakayekuja baada yetu, huenda ndilo atakalolitafuta. Asiyeiweka hati ya kwanza salama amewajibia maswali yao kabla hawajauliza.

Majuto ni mjukuu, na yangu yamekuja kwa sura ya upole. Yule dada hakunilaumu. Alikinakili kile kipande cha mwisho kwa kalamu katika karatasi, akaikunja, akaitia mkobani. Kisha akatazama barua nyingine za baba yake zikifunguka moja baada ya moja, akanishukuru, akasema kwamba sasa zasomeka bila taabu.