Mgeni Njoo, Mwenyeji Ahame?



Jumapili mbili zilizopita, wazee wa kanisa wenyeji wetu, wale tunaopanga jengo lao hapa Albina, walituita baada ya ibada yao na kabla ya ibada yetu. Walitusomea barua. Kuna kampuni inataka kununua jengo na kiwanja chake, ivunje, ijenge ghorofa la kupangisha. Fedha wanazoahidiwa ni nyingi kuliko sadaka ya miaka mingi ya kanisa lile. Wenyeji wetu hawajajibu. Walitaka kwanza kujua sisi wapangaji wao tunaonaje, maana siku hizi, katika watu wanaoingia humo Jumapili, sisi na watoto wetu ndio wengi kuliko wao.

Tuliahidi kurudisha jibu. Kikao cha washirika wote ni Jumapili ijayo. Kabla ya hapo tumeona vema tuwaandikie jinsi kamati ilivyolitafakari jambo hili, kwa sababu hatukukubaliana upesi, na swali lenyewe ni kubwa kuliko jengo.

Swali liliulizwa na ndugu yetu mmoja, fundi ujenzi, mtu mwenye bidii na mwenye huruma. Alisema: "Muuzaji anataka kuuza, mnunuzi ana hela. Hakuna aliyeshikiwa panga. Kosa liko wapi?" Akaongeza kwamba miji yote hubadilika, na kwamba sisi wenyewe tukipata nyumba nzuri karibu na katikati ya jiji tutainunua bila kuuliza nani alikuwa anaishi humo. Kamati ilinyamaza kidogo. Alikuwa amesema ambalo wengi wetu tulikuwa tunalifikiri.

Tuanze na mahali penyewe. Wengi wetu tunafika Albina mara moja kwa wiki, tunatafuta pa kuegesha gari kati ya mikahawa, tunasali, tunarudi makwetu ng'ambo ya mtaa wa 122 au Gresham. Tusidhani mtaa huu ulianza na mikahawa hiyo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wamarekani weusi walikuja Portland kufanya kazi ya kuunda meli, wakawekwa katika mji wa muda ulioitwa Vanport. Tarehe 30 Mei 1948 mto ulivunja tuta, na Vanport ikaangamia kwa siku moja. Zaidi ya watu 18,000 walibaki bila makazi. Weusi miongoni mwao hawakuwa na pengi pa kwenda, kwa sababu madalali wa nyumba walikuwa na desturi ya miaka mingi ya kutowauzia katika mitaa ya wazungu. Wakaja Albina. Hawakuichagua sana, lakini waliijenga: makanisa, maduka, saluni, kumbi za muziki kando ya barabara ya Williams.

Kisha ikaanza kumegwa. Ukumbi mkubwa wa michezo uliofunguliwa mwaka 1960 ulichukua zaidi ya nyumba 400. Barabara kuu ya magari ikachukua nyingine. Na mwanzoni mwa miaka ya 1970 nyumba na biashara takribani 300 zilibomolewa ili kupanua hospitali ya Emanuel. Fedha za serikali kuu zikakatika, na sehemu kubwa ya ardhi ile ilikaa tupu kwa miaka mingi, nyasi tu mahali palipokuwa na majiko na vitanda vya watoto. Katika bustani ya Dawson, jirani na hospitali, kuna kibanda chenye kuba juu yake. Kuba hilo lilitoka kwenye jengo moja la biashara lililobomolewa wakati ule. Watoto wetu hucheza chini yake baada ya ibada, nasi hatukuwa tumejua.

Sisi tulio wauguzi katika kanisa hili habari hii imetuchoma kwa namna ya pekee. Hospitali ni mahali pa kuponya. Hatudhani waliopanga upanuzi ule walikaa mezani wakikusudia kuumiza watu. Walitaka vitanda zaidi kwa wagonjwa zaidi. Kumbe nia njema haitoshi, ikiwa mwenye nia hakuwauliza wale watakaolipa.

Ndugu yetu fundi alijibu kwa haki: huko watu waliondolewa kwa amri ya mji; leo watu wanauza kwa hiari. Ni kweli, kuna tofauti. Lakini tuitazame hiyo hiari. Miaka ya 1980 mabenki yalikuwa karibu yameacha kabisa kukopesha watu wa kununua nyumba Albina, na mwaka 1990 gazeti la Oregonian lilifichua jambo hilo. Mtu hawezi kukopa kutengeneza paa, paa linavuja, nyumba inapoteza thamani, jirani anahama. Baadaye, bei ilipokuwa chini kabisa, fedha zikaja, lakini zilikuja na watu wengine. Kati ya mwaka 2000 na 2010 takribani watu 10,000 wasio wazungu, wengi wao Wamarekani weusi, walihama kutoka katikati ya jiji hili. Wengi walikwenda mashariki, eneo ambalo wenyeji huliita Nambari kwa sababu watu hulitaja kwa tarakimu za mitaa yake. Ndiko tunakokaa sisi. Majirani zetu wa leo ndio waliokuwa majirani wa jengo hili jana. Aliyesubiri mkopo miaka ishirini akanyimwa, kisha akauza kwa mtu aliyepewa mkopo kwa wiki mbili, hakushikiwa panga. Lakini tusiseme alikuwa na uchaguzi uleule alio nao mnunuzi.

Hapo kamati ilikumbuka Nabothi, katika 1 Wafalme 21. Huwa tunaikumbuka habari ile kwa sababu ya damu, tunasahau ilivyoanza. Ahabu hakuanza na ukatili. Alianza na ofa nzuri: shamba lililo bora zaidi, au thamani yake kwa fedha. Nabothi hakulalamika kwamba bei ni ndogo. Alikataa kwa sababu lile lilikuwa urithi wa baba zake, na kwake urithi haukuwa bidhaa. Maandiko hayamlaumu kwa ukaidi huo.

Lakini je, kama Nabothi angekubali? Hili ndilo swali gumu la ndugu yetu, na hatutaki kulikimbia. Tuchukue muuzaji aliye huru kabisa, bei ya haki, mnunuzi mwema. Je, bado kuna kitu kinachopotea ambacho tunapaswa kukihesabu?

Jibu tulilipata kazini. Kabla mgonjwa hajaruhusiwa kurudi nyumbani, kuna maswali muuguzi humuuliza. Nyumbani kuna ngazi? Nani atakuchukulia dawa? Ukizidiwa usiku utamwita nani? Ni maswali ya kawaida, tunayajaza kwenye kompyuta. Mzee aliyekaa mtaa mmoja miaka arobaini huwa na majibu hata kabla hujamaliza kuuliza. Yupo mama wa ng'ambo ya barabara mwenye ufunguo wake. Yupo kijana wa kinyozi atakayempitia. Asubuhi pazia lisipofunguliwa hadi saa tatu, mtu atagonga mlango. Kwa mgonjwa wa kisukari anayejidunga insulini, ambaye sukari inaweza kushuka akiwa usingizini, kile kugongewa mlango ni uhai. Mzee yuleyule akihamia fleti ng'ambo ya jiji, hata ikiwa mpya, yenye joto na lifti, tukimuuliza atamwita nani hutaja mtoto aliye mji mwingine. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Basi tukaona hivi. Nyumba ina hati, ina mipaka, ina bei. Lakini yule mama kujua pazia hufunguliwa saa ngapi hakumo katika hati yoyote. Nyumba ikiuzwa, muuzaji hulipwa thamani ya mbao na ardhi, na mnunuzi hupata mbao na ardhi. Ule ujirani haukuuzwa wala haukununuliwa. Umepotea tu, na aliyeupoteza zaidi ni mpangaji wa nyumba ya pili au mzee wa nyumba ya tatu, ambao hawakuitwa mezani. Watu wawili wanaweza kukubaliana kwa haki kabisa kati yao, na bado wakatumia mali ya mtu wa tatu.

Hatusemi kwamba kila mabadiliko ni dhambi. Mitaa huzeeka kama watu, vijana huondoka, wazee hufa, wageni huingia. Lakini sisi wauguzi tunajua kwamba uzee si jeraha. Mtaa unaobadilika polepole, mgeni akijifunza majina ya wenyeji kabla hawajafa, huo unazeeka. Mtaa unaobadilishwa watu wake ndani ya miaka kumi umejeruhiwa, hata ukipakwa rangi nzuri. Wala hatutaki kuisifu Albina ya zamani kupita kiasi. Wenyeji wetu wenyewe wametuambia juu ya miaka ya risasi na dawa za kulevya, na jinsi walivyoomba taa za barabarani na duka zuri la vyakula. Kinachowauma ni kwamba vitu hivyo vilifika pamoja na bei iliyowatoa.

Walio wa Dar es Salaam miongoni mwetu wanalielewa hili. Wameona nyumba za Kiswahili za Kariakoo, zenye vyumba sita na ua mmoja wa kupikia, zikipisha maghorofa, na mwenye nyumba akipata chake huku mpangaji wa chumba akitafuta pa kwenda mbali zaidi na mji. Wanakumbuka pia kaya 644 za Magomeni Kota, zilizoondolewa nyumba zao zikavunjwa, zikasubiri miaka hadi majengo mapya yakafunguliwa Machi 2022. Serikali iliwatambua waliokuwepo. Hapa Portland nako, mwaka 2014 jiji lilitenga dola milioni 20 kwa makazi ya upande huu, baadaye likaweka utaratibu wa kuwapa nafasi ya kwanza wale ambao familia zao ziliondolewa. Na Juni 2025 baraza la jiji liliidhinisha malipo ya dola milioni 8.5 kwa wazao wa waliobomolewa nyumba kwa ajili ya hospitali. Ni vema. Lakini imechukua zaidi ya miaka hamsini, na mtu anaweza kurudi mtaani asiukute mtaa.

Sasa turudi kwetu. Tulipofika nchi hii, wengine kutoka kambini, wengine kwa masomo, tulipokelewa na kanisa lililokuwa tayari limepoteza nusu ya watu wake. Walitupa funguo. Walitutoza kodi ndogo. Akina mama wao wa kofia kubwa walitufundisha kuwasha majiko ya chini, wakawaita watoto wetu wajukuu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji ahame. Methali ile ni pongezi kwa mgeni, lakini pia ni wajibu juu yake: kipimo cha mgeni ni hali ya mwenyeji baada ya ujio wake. Je, wenyeji wetu wamepona kwa kuja kwetu? Tumewajazia jengo kelele na wali. Hatujawahi kuwauliza nani anawaleta Jumapili kutoka huko mashariki, wakati magari yetu hupita karibu na milango yao yakiwa na viti vitupu.

Kamati haina jibu moja la kuuza au kutouza. Jengo ni lao, na wakichoka, wana haki ya kupumzika. Kuwaambia wabebe paa linalovuja kwa ajili ya kumbukumbu zetu kungekuwa ukatili mwingine. Lakini wengi wetu tumekubaliana juu ya mambo matatu ya kuwaletea kikaoni. Kwanza, kodi ya jengo tuipandishe wenyewe bila kuombwa, ili kama watauza, wasiuze kwa sababu sisi tulilipa kidogo mno. Pili, tupange magari ya kuwaleta ibadani na kuwapeleka kliniki, kuanzia sasa, barua ijibiwe vyovyote. Tatu, walio na nyumba za kupangisha miongoni mwetu, na wapo, wasiuze wala kupandisha kodi kabla ya kukaa na mpangaji na kumsikiliza. Huko mashariki nako bei zinapanda, na safari hii wenye nyumba ni sisi.

Ndugu yetu fundi hakukubali lote. Anasema jambo la tatu ni zito, kwa kuwa mwenye nyumba naye ana mkopo benki. Atalisema mwenyewe kikaoni, na tumsikilize, maana hajakosea juu ya mkopo. Ila amejitolea kulikagua paa Jumamosi hii bila malipo, ili wenyeji wajue gharama halisi kabla ya kujibu barua.

Kikao kitakuwa saa tisa alasiri, mara baada ya ibada, ukumbi wa chini. Wenyeji wetu watakuwepo, na chai ni juu yetu. Tunawaomba wazazi mwazuie watoto wasikimbie ngazini, kwa kuwa akina mama wazee hushuka polepole.