Ramadhani, Siku ya 12: Usingizi wa Nani?



Tarawehe imekwisha, sasa ni kahawa barazani, simu mkononi, soga hadi saa saba. Kahawa na mwanga wa simu vinakufukuzia usingizi wako, sawa. Je, vicheko vyenu chini ya dirisha la jirani? Ndani kuna mama anayeamka saa tisa kupika daku.

Mtume (s.a.w.) hakupenda mazungumzo baada ya Isha. Mwili una haki ya kupumzika, wako na wa jirani. Na haki ya mja hailipwi kwa wingi wa rakaa, mwenyewe ndiye huombwa radhi.

Basi leo punguza sauti, kalale mapema. Ukimya wako nao ni sadaka.

Allah atutakabalie. Amin.