Baba Aliyenyamaza

Soma 2 Samweli 13:20–29 na 1 Wafalme 1:5, 6. Kwa nini Daudi, aliyemkabili Goliathi, alishindwa kuwakemea wanawe?

Amnoni alipomtenda Tamari uovu, Daudi alikasirika sana, lakini hakuchukua hatua. Baada ya miaka miwili Absalomu alilipiza kisasi kwa damu. Adonia naye hakuwahi kuulizwa na baba yake sababu ya matendo yake.

Huenda kumbukumbu ya Bath-sheba ilimfunga Daudi kinywa. Lakini baba aliyesamehewa hakuitwa kunyamaza, bali kuonya kwa unyenyekevu, akianza kwa kuungama kosa lake mwenyewe. Daudi alijiepusha na aibu. Tamari akabaki bila mtetezi.

Je, ni nani nyumbani mwako anayeumia kwa sababu ya ukimya wako?